Laptopu ya mtumba, kompyuta ndogo ya mezani au MacBook Air ya M1: ipi ya kurekodia muziki nyumbani Mwanza?

Mtu anayetaka kuanza kurekodi muziki nyumbani hapa Mwanza, akiwa ametenga kama milioni moja ya shilingi kwa ajili ya kompyuta peke yake, ana aina tatu za mashine za kuzifikiria kwa uzito. Ya kwanza ni laptopu ya kiofisi ya mtumba, mfano wa Lenovo ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5. Ya pili ni ile kompyuta ndogo ya mezani inayoenea kwenye begi la shule, kama vile Dell OptiPlex 3060 Micro, HP EliteDesk 800 G4 Mini au Lenovo ThinkCentre M720q. Ya tatu ni MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1, ambayo hata ikiwa ya mtumba inaweza kuvuka bajeti hiyo, ila inafikika kwa mtu aliye tayari kudunduliza miezi kadhaa zaidi. Nimerekodi kwa aina zote tatu, waimbaji wa kwaya, wapiga gitaa na mzee mmoja mpiga zeze, na nimejiridhisha kwamba zote zina nguvu ya kutosha kazi ya nyumbani. Kinachozitenganisha ni ukimya wa mashine mbele ya maiki, namna inavyostahimili umeme wetu, na iwapo fundi anaweza kuifungua na kuirekebisha.

Kabla ya kuzilinganisha, niziondoe haraka zile ambazo bei yake huvutia lakini sizipendekezi. Msaada wa Windows 10 ulikoma rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hutaka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chache sana za kabla ya hapo. Kwa hiyo ThinkPad T470 yenye kizazi cha 7, ambayo kwa macho inafanana kabisa na T480, imebaki upande mbaya wa mstari, sawa na zile kompyuta kubwa za mezani za kizazi cha 3 na cha 4 ambazo bado zimepangwa madukani. MacBook Pro ya mwaka 2012 nayo inasifiwa kwa kuwa inafunguka na kuongezwa RAM, na sifa hiyo ni ya kweli, lakini mfumo wake uliishia Catalina, toleo la zamani la macOS, na programu mpya za muziki zinazidi kuikataa. Ukipewa bure, ipokee; usiinunue.

Sasa tuone kurekodi kunaidai nini kompyuta. Sauti ya maiki moja iliyorekodiwa kwa biti 24 na sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde hujaza diski kwa takriban MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti 20 zilizopangwa juu ya nyingine unachukua kama MB 640, kiasi ambacho SSD yoyote inakimudu bila jasho. Mzigo hasa uko kwingine, kwenye kile wataalamu wanachokiita bafa, yaani kifungu cha sampuli ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia. Bafa ikiwa ya sampuli 128, sauti huchelewa kama milisekunde 3 kwa upande mmoja, na mwimbaji anayejisikiliza kupitia hedifoni hahisi chochote. Bafa ikiwa ya sampuli 1,024, ucheleweshaji unafika milisekunde 23 wakati wa kuingia na nyingine kama hizo wakati wa kutoka, na hapo mwimbaji mzuri huanza kuvuta nyimbo nyuma bila kujua kinachomsumbua. Kompyuta inayofaa ni ile inayoweza kukaa kwenye bafa ndogo bila kutoa mikwaruzo, na hilo hutegemea zaidi draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa) za kadi ya sauti, yaani kile kisanduku cha USB kinachopokea maiki na gitaa, kuliko ukubwa wa prosesa. Ndiyo maana sishauri mtu kumaliza fedha zote kwenye kompyuta kisha anunue kadi ya sauti isiyo na draiva yake ya ASIO, ile aina ya draiva ya Windows inayopunguza ucheleweshaji. Ni afadhali prosesa ya kawaida yenye kadi ya sauti nzuri kuliko kinyume chake.

Nguvu zenyewe ni hizi. T480 na 840 G5 nyingi huja na Core i5 ya kizazi cha 8 yenye kore 4, yaani vitengo vinne vya kuchakata ndani ya prosesa moja, iliyotengenezwa kutumia wati 15. Zile ndogo za mezani mara nyingi zina Core i5-8500T yenye kore 6 na wati 35, kwa hiyo hubeba plagini (programu ndogo za kupamba sauti au za vinanda zinazofanya kazi ndani ya programu ya kurekodi) nyingi zaidi kabla ya kulemewa. M1 ina kore 8, nne za kazi nzito na nne za kazi nyepesi, na inazipita zote mbili kwa mbali. Kwa kwaya, gitaa na sauti za watu, hata ya kwanza inatosha kabisa. Kwa biti, yaani midundo ya muziki, zinazojengwa kwa vinanda vya ndani ya kompyuta, vilivyopangwa kumi au kumi na tano kwa wakati mmoja, tofauti itaonekana.

Suala la ukimya ndilo lililonifundisha zaidi. Mchana mmoja wa Oktoba nilikuwa namrekodi mama wa kwaya chumbani kwangu Nyakato, madirisha yamefungwa ili kelele za bodaboda zisiingie, nikitumia laptopu iliyokuwa juu ya meza hiyo hiyo yenye stendi ya maiki. Ubeti wa kwanza na wa pili ulikwenda vizuri. Katika ubeti wa tatu, chumba kikiwa kimeshapata joto, feni ya laptopu ikaanza kuzunguka kwa kasi. Yule mama akavua hedifoni, akaniuliza, “Mwanangu, huo upepo unatoka wapi?” Nikamjibu, “Ni kompyuta, mama, naomba tuiache kidogo ipoe.” Baadaye nilipolikuza wimbi la sauti kwenye kioo, niliona kwamba katika zile nafasi ambazo mwimbaji anavuta pumzi, mstari uliopaswa kuwa mwembamba kama uzi ulikuwa umenenepa kama kamba ya katani. Nilipoweka kompresa, ambayo kazi yake ni kuzisogeza sauti ndogo karibu na zile kubwa, feni nayo ikapanda pamoja na sauti ya mama, na ubeti ule tuliurudia juma lililofuata.

Kwa kipimo hicho MacBook Air ya M1 haina mpinzani, kwa sababu haina feni kabisa. Ikipata joto hupunguza kasi yake kimyakimya, jambo ambalo wakati wa kurekodi sauti moja au mbili hulioni. Laptopu ya mtumba inahitaji nidhamu: isogeze mita mbili kutoka kwenye maiki, zima plagini zote nzito wakati wa kurekodi, inua sehemu ya nyuma ipate hewa, na rekodi asubuhi au jioni chumba kikiwa na ubaridi. Kompyuta ndogo ya mezani ina feni pia, lakini ina fursa ambayo laptopu haina. Kwa kuwa kioo, kibodi na kipanya vyote vinaunganishwa kwa waya, unaweza kuiweka nje ya chumba cha kurekodia na kupitisha waya chini ya mlango, mradi waya wa USB wa kadi ya sauti usizidi mita 5, ambao ndio ukomo wa kawaida wa USB 2.0. Nimefanya hivyo kwa mwaka mzima, mashine ikiwa ukumbini juu ya rafu, na chumba kilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kukizoea.

Umeme unageuza hesabu hiyo. Kompyuta ndogo ya mezani haina betri, na umeme ukikatika inazima papo hapo. Programu nyingi za kurekodi huandika sauti kwenye diski kadiri mtu anavyoimba, kwa hiyo si kila kitu hupotea, lakini faili linaweza kubaki halijafungwa sawasawa, na vipengele ulivyobadilisha bila kuhifadhi vitakuwa vimekwenda. Anayechagua mashine hii lazima aweke UPS kwenye bajeti tangu mwanzo. Tena achague ile ambayo mlio wake wa tahadhari unaweza kunyamazishwa, kwa sababu UPS za bei nafuu hulia pi, pi, pi umeme unapokatika, na maiki ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo sana, inaunasa mlio huo hata ikiwa UPS iko chini ya kitanda. Laptopu na MacBook zinaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine inayochomolewa kwa nje, na unaweza kuibadilisha ile ya nje wakati kompyuta inaendelea kufanya kazi kwa ile ya ndani. Mtu mwenye betri moja ya akiba anaweza kumaliza kipindi kizima cha mazoezi na kurekodi bila kugusa soketi. EliteBook 840 G5 haina mpango huo, na toleo lililofuata la ThinkPad, T490, liliuacha.

Kuna faida nyingine ya betri ambayo watu huigundua wakiwa wameshahangaika sana. Katika nyumba za kupanga si ajabu kukuta soketi yenye matundu matatu ambayo tundu lake la athi halijaunganishwa na kitu. Chaja ikichomekwa hapo, ukaweka gitaa la umeme kwenye kadi ya sauti, unasikia mngurumo wa chini usiokoma, au ule mlio mwembamba unaobadilika kila unaposogeza kipanya. Mwenye laptopu anachomoa chaja, anarekodi kwa betri, na mara nyingi mngurumo unatoweka wakati huo huo. Mwenye kompyuta ya mezani hana njia hiyo ya mkato. Inambidi amwite fundi umeme aangalie athi ya nyumba, na mwenye nyumba akubali. Rafiki yangu mmoja wa Buzuruga alibadilisha waya wa gitaa mara tatu na kulaumu kadi ya sauti kwa miezi miwili, kumbe tatizo lilikuwa kwenye ukuta.

Upande wa RAM, mashine mbili za kwanza zinafanana: zina nafasi mbili za RAM ya aina ya DDR4, kwa hiyo unaweza kununua yenye GB 8 leo na kuifikisha GB 16 baadaye. RAM ya M1 imeunganishwa na chipu yenyewe, na diski imegandishwa kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. M1 ya GB 8 na GB 256 inafanya maajabu kwa kurekodi sauti, lakini anayepakia maktaba kubwa za vinanda na ngoma zilizorekodiwa atafika ukutani mapema, na diski itajaa baada ya miradi michache asipokuwa na diski ya nje. Ukiipata ya GB 16 kwa bei inayostahimilika, mazungumzo yanabadilika. Kwa T480 na zile za mezani, sipendekezi kuanza chini ya GB 16 kwa mtu wa biti, na kwa mtu wa sauti halisi GB 8 inatosha kwa mwanzo. Diski iwe SSD bila mjadala; ile ya kuzunguka, mbali na uzito wake wa kusoma, ina mtetemo na mlio wake wenyewe.

Kuhusu kufunguka, hapa kwetu jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana kwenye maandishi ya nchi nyingine. Wanaoishi karibu na ufukwe, Kirumba au Igogo kwa mfano, wanawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, kisha wakaingia ndani usiku kwa kufuata mwanga. Niliwahi kuifungua kompyuta ndogo ya mezani iliyokuwa inapiga kelele kupita kawaida, nikakuta mapezi ya kipoozeo chake yamezibwa na tabaka la rangi ya majivu, nusu vumbi na nusu mabawa ya wadudu hao. Nilifungua skrubu moja nyuma, nikavuta kifuniko, nikasafisha kwa brashi ya rangi, nikaongeza grisi mpya ya prosesa, na mashine ikarudi kunong'ona. Kazi hiyo kwenye T480 inachukua muda zaidi, lakini fundi yeyote mzoefu wa laptopu anaiweza, na vipuri vyake, kuanzia kibodi hadi feni, si vigumu kupatikana kwa kuwa ofisi duniani kote zilinunua laptopu hizo kwa wingi. MacBook Air haina matundu ya feni ya kumeza wadudu, na hilo ni la kushukuru, lakini siku bodi yake ikifa, diski yako iko humo humo, na kazi zako zinakwenda pamoja nayo. Mwenye M1 asilale bila nakala ya pili ya miradi yake.

Bei inahitaji kuhesabiwa kwa ukamilifu. Kompyuta ndogo ya mezani inaonekana rahisi kuliko zote mpaka uongeze kioo, kibodi, kipanya na UPS, na hapo inaweza kuifikia laptopu au hata kuizidi. Mwenye televisheni bapa yenye tundu la HDMI anaweza kuitumia kama kioo kwa kuanzia, na kwake hesabu ya mezani inakuwa nzuri sana. Kwa MacBook Air ongeza kigeuzi, kwa sababu ina matundu mawili tu ya USB-C na kadi nyingi za sauti za bei nafuu bado zinakuja na waya wa USB ya kawaida. Kwenye programu, Mac inakupa GarageBand bila malipo, nayo inatosha kutoa wimbo kamili. Kwa Windows, Reaper inakupa siku 60 za kujaribu na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, tena faili lake la kusakinisha ni dogo kiasi kwamba halimalizi bando. Aliyekwisha zoea FL Studio asihofu upande wowote, maana inafanya kazi kwenye mifumo yote miwili na leseni yake hununuliwa mara moja, na matoleo mapya yanakuja bure. Ninawasihi vijana waachane na programu zilizovunjwa kufuli: mbali na haki ya aliyezitengeneza, nimeona kompyuta safi ikijaa virusi kwa sababu ya plagini moja, na mikwaruzo iliyofuata ikadhaniwa ni udhaifu wa prosesa.

Mtu anayerekodi nje ya chumba chake nina jibu lake bila kusita. Kwaya ya kanisani Igoma, mpiga zeze kijijini Magu, ngoma za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakati wa sikukuu yao ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, au kundi la vijana wa Ukerewe ambao inabidi uwafuate kwa kivuko hadi Nansio, wote hao wanahitaji mashine inayofanya kazi bila soketi na ambayo ikidondoka hutalia sana. T480 yenye GB 16, SSD ya GB 512 na betri ya nje iliyo hai ndiyo ningemnunulia mdogo wangu leo, na kiasi kitakachobaki ningekipeleka kwenye kadi ya sauti na hedifoni. Mwenye chumba kimoja cha kudumu, anayejenga biti usiku kucha na ambaye UPS haimtishi, achukue ndogo ya mezani yenye kore 6. Mwimbaji anayejirekodi peke yake, akiwa na maiki ya kondensa sentimita 50 kutoka kwenye kompyuta na jirani upande wa pili wa ukuta, asubiri hadi aifikie M1; kwake ukimya ule una thamani ya miezi atakayongoja.

Ukienda kununua, nenda na kadi yako ya sauti na hedifoni, na umwombe muuzaji akuachie mashine kwa dakika ishirini. Fungua mradi wenye plagini nyingi, weka bafa ya 128, sikiliza kama kuna mikwaruzo, na sogeza sikio karibu na feni ikishapata moto. Kwa MacBook, omba ifutwe na kuwashwa upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti, uone kama itadai akaunti ya mmiliki wa zamani au usimamizi wa kampuni fulani. Ikidai, rudisha fedha zako mfukoni. Angalia pia mizunguko ya betri, yaani mara ambazo imetumia chaji kamili, ukijua kwamba Apple huihesabia betri ya Air mizunguko 1,000. Kwa laptopu ya Windows, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguka kabla Windows haijawaka, kuhakikisha haina nenosiri, kisha andika kwenye Command Prompt amri ya powercfg /batteryreport na ulinganishe ujazo wa betri ilipotengenezwa na ujazo wake wa sasa. Ikiwa ni T480, chomoa chaja, kisha chomoa betri ya nje huku wimbo ukiendelea kucheza. Wimbo ukikatika, betri ya ndani imekufa, na bei mliyokuwa mkiizungumza inabidi ishuke kwa gharama ya betri mpya kabla hujadai risiti ya EFD.